Siku Niliyomsemea Mama

Didia, Jumamosi, mwezi wa nane, 1954

Upepo wa leo ni wa vumbi tupu. Umepuliza tangu asubuhi, na hata sasa jua likishuka bado unarusha majani makavu ya pamba juu ya paa la ghala. Nimekaa nyuma ya ghala hilo, mahali ambapo mtu akinitafuta atafika mwisho. Kuna jambo geni limenijaa kifuani. Nadhani hii ndiyo inayoitwa fahari. Sijaizoea, kwa hiyo naiandika kwa tahadhari.

Shajara yangu, leo nimesema.

Wewe unanijua. Shuleni wasichana wenzangu wananiita Bubu. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, jibu hupanda mpaka kwenye meno, halafu hurudi lilikotoka. Muhula uliopita aliniambia, "Kabula, kwa sauti hiyo hata mchwa hawatakusikia." Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, bila sauti.

Nitaandika tangu mwanzo, ili nikiwa mzee nisije nikadhani niliota.

Niliporudi likizo nilimkuta Mama ana tumbo. Kwa nyumba nyingine hiyo ingekuwa habari njema. Lakini Baba yuko Geita, anachimba dhahabu, aliondoka kabla ya mvua za kwanza na hajarudi hata kwa siku moja. Na tumbo la Mama lilikuwa limechomoza chini ya kanga kama la mwanamke aliyefika nusu ya safari.

Kila mtu hapa anajua kuhesabu miezi.

Siku ya pili tu tulipokwenda kisimani, Mama Shija, jirani yetu ambaye mdomo wake haupumziki, alimwamkia Mama vizuri kabisa, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mama Kabula, mumeo ana mkono mrefu! Yuko chini ya ardhi kule Geita, na bado amekufikia hapa."

Mwingine akadakia, "Ndiyo dhahabu yenyewe hiyo, dada. Wenzako wanaletewa ya kuvaa masikioni, wewe umeletewa ya tumboni."

Walicheka mpaka kata ya mmoja ikaanguka majini. Mama alijaza mtungi wake, akajitwika, akaondoka bila neno. Nilimfuata nikitazama visigino vyake. Vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyekanyaga majivu, na nilishangaa, kwa sababu hatukuwa tumekanyaga majivu.

Jioni hiyo Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuja uani. Hakuketi. Alisema pamba ikishauzwa ukoo utakaa kikao. Ikiwa mimba si ya ndugu yake, Mama atarudishwa kwao, na mimi nitaacha shule niwalee wadogo zangu watatu. Alilisema hilo la shule kwa upole, kana kwamba ananipa zawadi.

Mama alimjibu, "Sina mimba."

Alijibu mara moja tu. Baba Mkubwa alilitazama tumbo, akaenda zake.

Mimi nilimwamini Mama, ila sikuwa na la kumwonyesha mtu. Nilianza kuona mambo wakati wa kuchambua pamba. Kila asubuhi tunakaa kwenye turubai na kutenga pamba safi upande mmoja na fifi upande mwingine, yaani ile chafu yenye madoa, ambayo bei yake ni ndogo. Rundo la safi lilikuwa linapanda. La fifi lilikuwa linashuka, ingawa nilikuwa naliongeza mwenyewe. Na Mama hakai. Anachambua kidogo, anainuka, anakwenda nyuma ya nyumba, anarudi. Kabla sijajaza kikapu ameinuka tena. Siku nyingine hafiki chooni. Hurudi amebadilisha kanga na hatazami mtu.

Siku moja nilipeleka takataka shimoni nikaiona ile fifi yetu. Ilikuwa nyingi, nyekundu, na nyingine nyeusi.

Nilifukia haraka kwa mguu. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Nilijua ni nini, maana na mimi kila mwezi natumia fifi, kidogo tu, na baada ya siku chache zangu zinaisha. Za Mama hazikuwa zinaisha. Na mwanamke mwenye mimba hatokwi na damu namna ile.

Hapa ndipo penye ugumu, shajara yangu. Kwetu msichana hazungumzi mambo haya na mama yake. Mimi nilifundishwa na bibi, kwenye nyumba ya bibi, na Mama alijua kwamba nimefundishwa kwa kuniona nimerudi na kanga mpya. Basi. Hatujawahi kusema neno hata moja. Tungeweza kuishi miaka yetu yote bila kulisema.

Bibi mwenyewe, nilipomwendea, alisema ni nzoka, yaani yule nyoka wa tumboni ambaye watu wa huku wanaamini kila mtu amezaliwa naye, akikasirika huzunguka na kuuma. Alimchemshia Mama mizizi. Mama alikunywa yote. Nyoka hakusikia.

Nilikuwa najua kwamba wakati wa mvua Mama alikwenda hospitali mjini akachomwa sindano za kichocho, sindano kali zilizomtapisha wiki nzima. Sisi tunalima mpunga kwenye majaruba, tumesimama ndani ya maji, na kichocho huku ni kama mafua. Wavulana wakikojoa damu wanaitana waje kutazama. Lakini sindano zilikwisha na Mama hakupona. Kwa hiyo siku moja, tukiwa kwenye turubai, nikauliza huku macho yangu yako kwenye pamba.

"Mama, kule hospitali ulimwambia nini daktari?"

"Sikumwambia daktari. Nilimwambia mkwe."

"Ulimwambiaje?"

"Haja ndogo. Na damu."

"Ulimwambia damu ya wapi?"

Mama alinitazama kana kwamba nimetemea mate chunguni. "Nitamwambiaje mkwe?"

Hapo nikaelewa yote.

Dresa, yaani msaidizi wa daktari, anayetafsiri Kisukuma pale hospitali ni Bwana Masanja. Amemwoa binti wa dada yake Mama, kwa hiyo kwa desturi yetu ni mkwe wake kabisa. Akimwona njiani, Mama huingia porini, hujifunika kanga, huchuchumaa mpaka apite. Hawali pamoja. Hawatazamani. Sasa mtu kama huyo ndiye aliyesimama kati yake na daktari. Nina hakika Mama alikuwa ameelekea ukutani na Bwana Masanja alikuwa anatazama dari. Mama akatoa maneno mawili tu aliyoweza, haja ndogo na damu. Na yeye, kwa heshima, hakuuliza la tatu. Akayaunganisha kama ambavyo mtu yeyote wa huku angeyaunganisha: anakojoa damu.

Waliheshimiana vizuri sana. Heshima hiyo nusura imuue Mama.

Nilimwambia twende tena. Alikataa. Nikasema tena kesho yake, akaendelea kuchambua. Jana asubuhi alipoinuka kwenye turubai aliyumba, akashika hewa, akaanguka juu ya pamba safi. Alipofumbua macho midomo yake ilikuwa haina rangi. Akaniambia, "Haya. Twende."

Leo alfajiri tulipanda lori la pamba, juu ya magunia. Barabara ya kwenda mjini ni mbaya, na kila shimo lilikuwa linambana Mama kibofu. Alinigusa mguu, nikagonga paa la dereva kwa kidole kimoja. Hakusikia. Nikagonga kwa ngumi. Akasimama. Baada ya muda mfupi, tena. Halafu tena. Utingo, kijana mwenye meno ya mbele yaliyopishana, alisema, "Mama, hili ni lori la pamba au la kumwagilia barabara?"

Wapagazi walilala kwa kicheko. Nilitamani kuingia ndani ya gunia. Lakini Mama, huku anapanda kwa shida, alimwambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Wewe mtoto, shukuru. Vumbi limetulia."

Wakamcheka utingo badala yake. Sikuwahi kujua kwamba Mama ana jibu. Kisimani hakulitoa.

Hospitali ilikuwa imejaa. Bwana Masanja alitokea mlangoni, amevaa koti lake jeupe, na Mama papo hapo akageuka akaufunika uso. Nilimwamkia, "Shikamoo, shemeji." Akaitika, "Marahaba," huku ametazama juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, na yote yalikuwa yamebaki kwenye magunia. Nikasema lililobaki:

"Shemeji, Mama hawezi kukueleza wewe."

Alishusha macho. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema taratibu, "Na mimi siwezi kumsikiliza. Hata ile siku nilijua kuna neno limebaki. Nilisema kesho nitamuuliza mke wangu, na mke wangu naye ningemuulizaje?" Akavua miwani akaifuta kwa koti. "Wewe Kiswahili cha shule unacho. Ingia naye wewe. Mimi nitakaa nje nizuie watu."

Nikaingia.

Daktari ni Mzungu mzee mwenye masikio makubwa. Kiswahili chake ni kizuri, anakisema polepole kama mtu anayepita kwenye matope. Kisukuma hana. Aliuliza, "Mama ana shida gani?" Mama akageuza kigoda chake akaelekea ukutani. Mimi nikaelekea mlangoni. Daktari akatutazama migongo.

Nje mtoto alikuwa analia, na mtu alikuwa anaburuta ndoo. Nilijua kwamba nikiendelea kunyamaza ataandika kichocho, tutapanda lori, ukoo utakaa, na mimi nitabaki nyumbani nikilea wadogo zangu, pengine bila Mama. Nilijua hayo yote na mdomo haukufunguka.

Ndipo Mama aliposema, "Bibi."

Sikuelewa anamwita nani. Akasema tena, akiwa bado anatazama ukuta, "Bibi, mwambie huyu baba kwamba damu haikatiki."

Shajara, mimi nimepewa jina la bibi yake Mama, yule aliyemlea na kumfundisha mambo ya wanawake. Yeye pia alikuwa Kabula. Nilipokuwa mdogo sana Mama alikuwa ananiita Bibi kwa utani, halafu aliacha. Leo alinirudishia. Kwa bibi yake angeweza kusema lolote. Kwa hiyo pale ndani nilikuwa si binti yake. Nilikuwa bikizee, na bikizee haoni aibu.

Nikageuka nikamtazama daktari. Nikasema, "Mama yangu anaumwa hedhi."

Nimelisema neno hilo. Na kitu cha ajabu ni hiki: halikuniunguza. Maneno haya kwa Kisukuma yanachoma mdomo, kwa sababu Kisukuma ndicho nilichokanywa nacho tangu utoto. Kiswahili hakijawahi kunikanya. Nilijifunza hedhi, mfuko wa uzazi na kibofu kwenye somo la afya, ubaoni, kwa chaki, na kwangu yalikuwa maneno safi kama majina ya mito. Nikayatoa moja moja. Mama alisema na ukuta, mimi nikasema na daktari. Kwamba hukaa mkavu kwa siku chache tu. Kwamba hutoka mabonge kama maini. Kwamba haja ndogo haimpi nafasi, na akifika hutoka kidogo tu, na mara nyingine hawahi. Kwamba haumii anapokojoa, na haja yenyewe haina damu. Damu inatoka kwingine. Kwamba tumbo si mimba, maana mumewe yuko Geita.

Hilo la mwisho daktari hakuuliza. Mama ndiye aliyetaka lisemwe.

Daktari aliacha kuandika akasikiliza. Kisha akamwita muuguzi mwanamke, wakampima Mama nyuma ya pazia kwa muda mrefu. Nilisubiri nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Aliporudi alichora kwenye kipande cha karatasi. Akasema hakuna mimba. Kichocho, kama kilikuwapo, kimekwisha. Kuna uvimbe umeota kwenye mfuko wa uzazi, umekuwa kama boga dogo, na ndio unaoleta damu. Na kwa kuwa kibofu kimekaa mbele ya mfuko huo, boga limekikalia, hakina nafasi ya kujaa.

Nilijua! Nilikuwa nimeona kwenye mchoro wa ubaoni kwamba wawili hao ni majirani. Nilimweleza Mama kwa Kisukuma: boga limekalia kibofu. Akacheka kidogo, mgongo wake ukatikisika.

Lakini daktari hakucheka. Alisema anavyoona uvimbe wenyewe si wa kuua, ila damu anayoipoteza inaweza kumuua. Itabidi apasuliwe. Kwanza atapewa dawa ya kuongeza damu, na ndugu waje kutoa damu yao, na mume aje. Pengine mfuko wote utatolewa, na hatazaa tena.

Nikamwambia Mama yote, hata la kutozaa, sikulipunguza.

Mama alikaza fundo la kanga yake. Kisha akasema, "Ninao wanne. Mwambie wanne wanatosha, mama yao akiwapo."

Nikamwambia. Daktari akauliza nani amenifundisha kueleza hivi. Nikasema, "Somo la afya, bwana." Alisikia mara ya kwanza. Hakuniomba nirudie.

Tulipewa dawa ya kutumia nyumbani mpaka siku ya kupasuliwa, tukarudi na lori tupu, na likatushusha kwenye gulio la pamba, ambako leo watu walikuwa wengi kwenye mizani. Mama Shija alikuwa amekaa juu ya mzigo wake akisubiri zamu. Alipotuona tu akapaza sauti, "Karibuni! Mtoto mmemwacha hospitali?"

Nilidhani Mama atapita kama kisimani. Hakupita. Alikaa juu ya mzigo wa mtu, akapumua, akasema, "Bibi, waambie."

Hapa hapakuwa na Kiswahili cha kujificha. Ilinibidi niseme kwa Kisukuma, yale maneno yanayochoma, mbele ya watu walioniona nikizaliwa. Nilisema. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Lakini nilisema damu, nikasema tumbo la uzazi, nikasema uvimbe, nikasema boga limekalia kibofu. Nilisema, "Hakuna mtoto. Hakukuwa na mtoto. Mama yangu ni mgonjwa, na mlimcheka."

Hilo la mwisho hakuniambia mtu niliseme.

Upimaji kwenye mizani ulisimama. Nilipoinua macho niliona Baba Mkubwa amesimama karibu nayo, anaitazama kwa makini namba zake, yeye ambaye hajui kusoma. Baadaye alikohoa, akamwambia Mama bila kumtazama, "Nitapeleka habari Geita mimi mwenyewe. Na damu, kama inatakiwa, na mimi ninayo." Habari ya ukoo kukaa hakuitaja tena.

Mama Shija hakuomba radhi. Yeye si mtu wa hivyo. Lakini tulipokuwa tunaondoka alinishika kiwiko akanivuta pembeni ya magunia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akinong'ona.

"Mwanangu, na mimi haja ndogo hainikai tangu nilipomzaa huyu wa mwisho. Nikicheka inatoka. Nikipiga chafya inatoka. Huyo daktari wako atanisikiliza na mimi?"

"Atakusikiliza, mama."

"Mimi Kiswahili sina. Utanisemea?"

Nilisema ndiyo. Mimi, Bubu.

Sasa nakuandikia na bado naogopa. Kupasuliwa si mchezo, na Mama amelala ndani, hana rangi. Kabla hajalala nilimuuliza Baba akija nani atamweleza. Alisema, "Ni mume wangu. Nitamweleza mwenyewe." Nilifurahi kusikia hivyo. Na nikuambie ukweli, nilisikitika kidogo pia. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Akapasuliwe apone, ndilo ninaloliomba. Shule ikifunguliwa, Mwalimu akiuliza ninachokijua nitanyoosha mkono. Sisemi kila mara. Nasema nitanyoosha.

Sauti ya Mama inatoka ndani, dhaifu lakini yake. Haniiti Bibi sasa, ananiita Kabula.

Nimeitika. Nadhani hata mchwa wamesikia.